Pacha Asiyeumwa

Mama alikuwa na sheria moja juu yetu, na hakuiacha hata tulipokuwa na watoto wetu wenyewe: anachopewa mmoja, mwenzake naye apewe. Ilikuwa sheria ya mama yake na ya bibi yake, huko Burundi, kabla wazee wetu hawajavuka mpaka na kuja kulima Kitanga. Amahasa, yaani mapacha, hawatengwi. Ukimpa mmoja gauni jekundu ukamwacha mwingine, yule uliyemwacha atakonda, au atatoka upele, au atakufa tu kwa uchungu. Kwa hiyo tulivaa magauni ya kitambaa kimoja, tulinyolewa siku moja, na mmoja akishikwa na malaria tulimeza klorokwini wote wawili. Nakumbuka nikijikuna mwili mzima kwa ile dawa, mimi nisiye na homa, huku nikimtazama dada yangu akitetemeka chini ya blanketi na Mama akimkanda paji la uso. Dawa tuligawana. Kukandwa hatukugawana.

Nasema dada yangu kwa sababu yeye alitangulia kutoka. Alinitangulia kwa muda wa Mama kuvuta pumzi tu, lakini muda huo umemtosha kuwa mkubwa wangu maisha yote.

Macho pia tulipata ya aina moja. Wote wawili hatukuona mbali. Tulipoingia shule tulisoma pua zikiwa juu ya karatasi, na mwalimu akiandika ubaoni sisi tuliona ubao mtupu. Padri wa misheni ndiye aliyetuagizia miwani, ya lenzi nene kama kitako cha chupa ya soda. Mimi niliipenda yangu tangu siku ile nilipotazama mlima wa ng'ambo na kukuta una miti, tena mti mmoja mmoja. Dada yangu aliivaa mpaka alipomaliza shule, kisha akaivua, akaenda Kibondo kuolewa na kufanya biashara. Alisema mteja akiona miwani anadhani anakaguliwa.

Mwaka wa tisini na saba mimi nilikuwa mkalimani katika kliniki ya kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu. Wagonjwa walikuwa Warundi na Wakongo, madaktari walitoka kila mahali, na mimi nilikaa katikati. Ni kazi iliyonifaa. Nilizoea kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo, na kusema kile kilichosemwa, si kile ambacho ningependa kiwe kimesemwa. Dada yangu huko Kibondo aliuza vitenge na chumvi karibu na njia ya kambini. Malori ya misaada yalipita kutwa, na vumbi jekundu lililala juu ya kila kitu, vitenge, chumvi, hata nyusi za watu. Kwa hiyo alipoanza kuona masizi yakielea katika jicho la kushoto alisema ni vumbi. Aliliosha kwa maji ya chumvi. Alipoanza kuona vimuli pembeni, kama mtu anayewasha na kuzima tochi, alisema ni uchovu. Maharage yalikuwa shambani, msimu wa biashara ulikuwa umeanza, naye hakuwa mtu wa kufunga duka kwa sababu ya masizi. Alikuja Kasulu pale tu giza liliposhuka juu ya jicho lote, polepole, kama mtu anayeteremsha khanga dirishani.

Wiki ile tulikuwa na mgeni, daktari wa macho kutoka Dar es Salaam, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo. Alimtia dada yangu matone, akamlaza, akavaa taa yake kichwani, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaizima taa na kunigeukia mimi.

"Mwambie utando wa ndani umebanduka."

"Anajua Kiswahili, Daktari," nikasema.

"Niambie kwa Kirundi," dada yangu akasema. "Cha kwake kinanipita."

Hakikumpita. Dada yangu aliweza kupandisha bei kwa lugha nne. Lakini alinitazama mimi kwa jicho lililobaki, nami nikatafsiri. Nikasema kwamba nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, unaitwa retina, nao umekaa kama lipu kwenye ukuta wa udongo. Lipu ikipata ufa, maji hupita nyuma yake na kuibandua. Nikasema yale masizi na vile vimuli vilikuwa ndio ufa. Angekuja wakati ule, huenda pangefanyika kitu. Sasa lipu yote iko chini na imekaa chini muda mrefu. Sikuacha neno hata moja.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Sasa niambie kama ndugu yangu."

 Nilimshika mkono, naye akaniachia nikaushika, na daktari akajifanya anafuta taa yake. Kisha, bila kututazama, akauliza: "Nyinyi ni mapacha?" Tukakubali. Akaangalia miwani yangu. "Basi na wewe lala hapo."

Hivyo ndivyo nilivyolala kwenye kitanda kilekile, kikiwa bado na joto la mgongo wake, na kuambiwa kwamba utando wangu ni mwembamba. Macho yote mawili. Pembeni umekonda kama kitenge kilichofuliwa mpaka unaona mkono ng'ambo. Daktari alinieleza mwenyewe, kwa Kiswahili, na hapakuwa na mtu wa kunitafsiria. Kuna mwanga unaoitwa leza, alisema. Unachomelea utando kuzunguka pale palipokonda, ili ufa ukitokea usiweze kwenda mbali. Mashine yake haiko Kigoma, iko Dar es Salaam.

"Ni lazima?" nikauliza.

"Si lazima. Wengi wenye utando kama wako wanazeeka nao. Lakini wewe una miwani hii, una pacha huyu, na unakaa mbali na mashine. Nitakuandikia, halafu utaamua. Jicho ni lako."

Dada yangu hakurudi Kibondo moja kwa moja. Mama alimtaka Kitanga apumzike, naye akapumzika. Na watu wakaanza kuja.

Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Tunaita kugemura: unapika, unafunika kikapu kwa kitambaa safi, unakibeba kichwani mpaka alipolala mgonjwa. Walikuja wanakwaya na maharage na ndizi za kupika. Walikuja wake za wazee wa kanisa na mtindi kwenye vibuyu. Shangazi yetu alitoka Gwarama, safari ya kutwa nzima, akiwa na kuku wawili wamefungwa miguu. Hata mume wangu, ambaye ni mwalimu na hutembelea watu kwa shida, alimchukua jogoo tuliyekuwa tukimnenepesha kwa ajili ya Krismasi, akamfunga kwenye baiskeli na kumpeleka. Dada yangu alikaa kwenye mkeka mpya, mgongo ukiwa umeegemea ukuta, kitambaa cheupe kimefunga jicho, na kila aliyefika alipiga magoti mbele yake na kusema pole kwa sauti ile ya chini ambayo watu huitoa mara chache.

Niliona wivu. Sitautafutia jina la upole. Mimi nilikuwa nachota maji ya wageni, naosha vyombo vya wageni, nafungua vikapu na kuvirudisha, na kila mara niliponyanyuka niliona jinsi Mama anavyomtazama. Alikuwa akimtazama vile tangu enzi za klorokwini. Na nilikuwa na karatasi ya daktari ndani ya mfuko wa gauni.

Nikaitoa siku ya Jumapili, watu wakiwa wamejaa uani. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyozoea kazini. Utando, wembamba, ufa, mwanga, Dar es Salaam. Walinisikiliza kwa adabu. Shangazi wa Gwarama ndiye aliyeuliza kwanza.

"Linauma?"

"Haliumi, Shangazi."

"Unaona?"

"Naona."

"Mimi unaniona?"

"Nakuona."

"Sasa unakwenda kutibiwa nini, mwana wanje, mwanangu?" Akawageukia wenzake. "Basi na mimi kesho nifungwe plasta mguuni, nisubiri kuvunjika!"

Ua wote ulicheka. Dada yangu alicheka pia, akishika kitambaa chake kisidondoke. Mwanakwaya mmoja alisema wasomi ndivyo walivyo, ugonjwa wanauona kwenye karatasi. Mwingine aliniuliza kama huko Dar wanachoma kweli jicho zima, na nilipokubali akafanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyeniambia pole. Na wangenipaje pole? Nilikuwa nimesimama wima, nimeshika ndoo.

Mama hakucheka. Alikuwa amekaa kando akipukuchua maharage, na aliendelea kuyapukuchua mpaka wageni walipoondoka.

"Mtakwenda wote," akasema.

"Mama, karatasi ina jina moja."

"Karatasi haijui kwamba nilizaa wawili."

"Lakini kwake hakuna cha kufanya. Daktari alisema."

"Si ana jicho jingine? Litazamwe. Utiwe mwanga wewe, yeye abaki hivihivi? Unataka nimzike?" Alikuwa akisema kwa upole kabisa, vidole vikiendelea na maganda. "Mtakwenda wote au hamwendi."

Nikamtazama dada yangu nikitumaini atakataa. Alikuwa na duka, alikuwa na mume, alikuwa na sababu zote za kukataa.

"Sijawahi kupanda treni," akasema.

Nilimfuata nyuma ya nyumba alipokwenda kunawa. Nilimwambia maneno niliyokuwa nimeyakalia siku zote zile. Nilimwambia ameshapata mkeka, amepata kuku, amepata jogoo wangu wa Krismasi, na sasa hata ugonjwa wangu anautaka nusu.

"Ugonjwa upi?" akasema. "Unao? Hebu nionyeshe."

"Upo ndani."

"Utoe basi tuugawane." Akanirushia maji usoni, kwenye miwani, kama tulipokuwa watoto. "Wewe umekuwa mgonjwa wa kusimuliwa. Mimi natazamwa tu, watu wanaelewa."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Katika kazi yangu nilikuwa nimejifunza kwamba watu huamini kidonda. Tatizo ambalo bado halijatokea ni gumu kulieleza katika lugha yoyote. Na nikaona mbele zaidi: nikitiwa ule mwanga na ukafanya kazi, kitakachotokea ni kwamba hakuna kitakachotokea. Nitazeeka nikiona kama nilivyokuwa nikiona, na hakuna mtu, hata mimi, atakayeweza kuthibitisha kwamba nilikuwa nimeponea chupuchupu.

Tulipanda basi mpaka Kigoma, na Kigoma tukapanda treni. Naweza kusimulia safari ile kituo kwa kituo, lakini itatosha kusema kwamba tangu tuliposhika nafasi zetu, mgonjwa alikuwa dada yangu. Kitambaa chake cheupe kilifanya kazi yote. Mzee mmoja alimpisha dirishani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimpa mto wake. Tabora, abiria mwenzetu aliteremka na kurudi na chupa ya asali, akampa, akasema asali ni nzuri kwa macho. Mimi nilikuwa napanga mizigo.

"Wewe ndiye unayempeleka mgonjwa?" yule mzee akaniuliza.

Nikafungua mdomo kujibu.

"Ndiye," dada yangu akasema, akilamba asali kidoleni. "Ni mdogo wangu. Ana moyo sana."

"Mungu akubariki, binti," mzee akaniambia. "Si kila mtu ana ndugu kama wewe."

"Asante, Baba," nikasema, nikamkanyaga dada yangu mguu chini ya benchi. Hakunikanyaga. Alikuwa anacheka mpaka asali ikampalia, na yule mama mwenye mtoto akamsugua mgongo na kunitazama mimi kama mtu asiyejua kuhudumia.

Hospitalini tulingoja kwenye korido ndefu iliyojaa watu wenye macho yaliyofungwa, mekundu, meupe, au yanayotoka machozi. Katikati yao nilijiona kama niliyekuja kuiba. Nesi aliyekuwa akigawa matone alimwendea dada yangu kwanza, bila kuuliza, na ilibidi nimwonyeshe karatasi ndipo anigeukie na mimi. Alituwekea wote matone ya kupanua mboni, tukakaa tukisubiri, ukuta wa mbele yetu ukizidi kuyeyuka.

Daktari wa pale alikuwa mwanamke wa rika letu. Aliniweka kidevu kwenye mashine, akatazama la kulia, akatazama la kushoto, akarudi la kulia. Aliponiruhusu kunyanyua kichwa alisema kwamba yule mwenzake aliona sawa. Jicho la kushoto limekonda tu. La kulia limekonda na pembeni, juu, kuna tundu.

"Tundu kubwa?"

"Dogo. La ncha ya sindano. Halijaanza kubandua kitu."

"Litaanza?"

"Sijui. Linaweza kukaa hivyo miaka yote. Linaweza kuanza ukiwa njiani kurudi." Hakuwa akinitisha, alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Leza ingezunguka lile tundu na zile sehemu nyembamba kwa makovu madogo, na makovu hushika. Hushika mara nyingi, si kila mara. Ningeweza kupoteza kidogo pembeni kabisa, mahali ambapo nisingegundua. Au ningeweza kusubiri na kujichunguza, na siku nikiona masizi au vimuli nije siku hiyohiyo.

"Siku hiyohiyo kutoka Kasulu?" dada yangu akasema kutoka kwenye kiti chake. "Masika? Daktari, umewahi kufika kwetu?"

"Bado."

"Ukija njoo na jembe, utalisukuma basi na kulichimbia njia."

Daktari alicheka, na kwa sababu dada yangu alikuwa amemchekesha, akamwita naye kwenye mashine. Nilisimama pembeni nikitazama. Alilitazama lile jicho moja zima kwa muda mrefu kuliko alivyotazama yangu mawili. Alimwambia atazame juu, chini, kulia, kushoto. Nilikuwa na hofu kwa ajili yake, hilo nalisema kwa kweli. Kama lingekutwa na tundu na hilo, sijui ningemtazamaje Mama. Kisha daktari akazima taa.

"Hili halina kitu," akasema. "Limekaa vizuri kabisa. Litunze."

Dada yangu alishusha pumzi, akafunga mikono yake, akamshukuru Mungu kwa Kirundi. Na mimi, hofu ilipotoka, kilichoingia mahali pake kilikuwa kilekile cha siku zote. Analo moja, na hilo moja ni zima. Mimi ninayo mawili, na yote yamechakaa. Hata hapa. Hata kwenye safari hii niliyoandikiwa mimi, yeye ndiye aliyepewa habari njema.

Daktari alitupa muda wa kukaa nje na kuamua. Akasema mashine iko tayari na yeye yupo mpaka mchana.

Tulikaa kwenye benchi. Sikuwa naona vizuri kwa sababu ya matone, sura za watu zilikuwa madoa tu. Nikaanza kupima jambo lile kama nilivyozoea kupima mambo. Upande mmoja, jicho lisilouma, ninalosomea na kuandikia na kulishia watoto, nilitoe lichomwe moto na mtu niliyemwona leo asubuhi. Upande wa pili, tundu la ncha ya sindano. Lakini nilipokuwa nikipima, kitu cha tatu kilikuja kukaa kwenye mizani bila kuitwa. Niliuona ua wangu mwenyewe, Kasulu, umejaa watu. Niliona mkeka mpya na mimi juu yake, mgongo ukutani. Niliona vikapu. Niliona shangazi wa Gwarama akipiga magoti na kusema, kumbe mtoto huyu alisema kweli. Na niliona Mama akiniangalia. Ilikuwa picha nzuri sana. Niliitazama muda mrefu kuliko inavyostahili.

"Usichomwe," dada yangu akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Usichomwe. Acha libanduke tuwe sawa. Mama atalala usingizi." Alikuwa akisema kwa ule upole wa Mama, akimwigiza kabisa, mpaka vidole vikipukuchua maharage yasiyokuwepo. "Atatukatia vitambaa viwili kutoka jora moja. Mimi kushoto, wewe kulia. Tukikaa pamoja tutatosha mtu mmoja."

"Acha."

"Nitakusogelea kwenye mkeka. Nafasi ipo. Kuku watakuja wengine, jogoo wa mumeo ameshaliwa lakini atatafuta mwingine."

"Nimesema acha."

"Si ndicho unachotaka? Tangu Kitanga unanitazama kama nimekudhulumu."  Alikuwa ameacha kumwigiza Mama. "Asubuhi ninapoamka huwa nasahau. Nafungua yote mawili. Moja linakuja, na ninalisubiri la pili, nalisubiri kabisa, kama mtu aliyekwenda dukani. Halafu nakumbuka." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Lakini kuku ni wengi. Hilo siwezi kulikana."

 Nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo siwezi kuigawa, ipi ilikuwa ya nini. Najua tu kwamba katika maisha yangu yote, mbele ya kila gauni na kila kidonge, sikuwahi kukataa kuwa sawa naye, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilisimama, nikapapasa ukuta mpaka mlangoni, nikagonga.

"Nani mgonjwa?" nesi mwingine akauliza, akitutazama wote wawili, kwa kuwa dada yangu alikuwa amenifuata.

"Mimi," nikasema.

Dada yangu hakubisha. Nesi alimpa kiti cha chini kwenye kona ya kile chumba chenye giza, akamwambia asitazame upande wa mwanga.

Niliwekewa matone ya ganzi, kidevu juu ya mashine, paji la uso likibanwa kwa mkanda, na kioo kidogo kikabandikwa kwenye jicho lenyewe kisiliruhusu kufumba. Daktari alisema nisisogee hata nikisikia maumivu. Kisha mwanga wa kijani ukaanza, pigo moja, pigo jingine, na kila pigo lilikuwa na mlio mdogo kama wa kucha juu ya meza. Sikuhisi kitu mwanzoni. Ulipofika juu pembeni, penye tundu, nilihisi sindano ikipita kutoka jichoni mpaka nyuma ya sikio, na nikasikia sauti yangu ikitoka bila ruhusa.

"Linauma?" dada yangu akauliza kutoka gizani.

"Linauma."

"Sana?"

"Usimsemeshe," daktari akasema.

Ukabaki ule mlio tu. Daktari alimaliza la kulia, akapumzika, akahamia la kushoto. Nilipoachiwa, dunia ilikuwa ya zambarau, kisha kahawia, kisha ya ukungu. Daktari akaniambia ukungu utaondoka, nisibebe vitu vizito kwa wiki kadhaa, nirudi baada ya mwaka kama naweza. Alinishika bega. Aliniambia pole.

Nje jua la Dar es Salaam lilikuwa limesimama juu ya kila kitu, na mboni zangu zilikuwa wazi kama milango. Sikuweza kuinua uso. Machozi yalinitiririka yenyewe. Dada yangu alifunga vizuri kitambaa chake, akanishika mkono juu ya kiwiko, na tukasimama ukingoni mwa barabara tukisubiri kuvuka. Palikuwa na mtu anayeuza machungwa yaliyomenywa, nilimsikia akiacha kisu.

"Pole sana, dada," akasema. "Pole. Lo, macho yote mawili?"

Nilielewa kwamba ananisemesha mimi. Nilikuwa nafungua mdomo kumshukuru, polepole, kama inavyofaa mtu aliyepewa pole, lakini dada yangu aliniwahi.

"Huyu haumwi," akasema kwa ukali. "Huyu anaona vizuri sana. Mgonjwa ni mimi."

"Nilidhani..."

"Ulidhani. Ni matone tu hayo."

"Basi poleni wote," mwenye machungwa akasema.

Dada yangu akanivuta barabarani kabla sijacheka. Mtu mwenye jicho moja hajui vizuri kitu kiko umbali gani, hilo alikuwa bado anajifunza, na mimi nilikuwa sioni kabisa. Kwa hiyo tulivuka vibaya sana, mkokoteni wa maji ukatukosa kwa kiganja, mwenye mkokoteni akatuuliza kama tumelogwa, na tukafika upande wa pili tukiwa tumekumbatiana na tunagombana kwa Kirundi nani aliyemvuta mwenzake.